Kwenda Firenze kwa Kupitia Mbagala

Juzi nilipita kwenye kibanda cha vijana wachongaji kutafuta mguu wa kiti, nikawakuta wanapasua gogo la mpingo. Wanaoijua harufu ya mpingo mbichi wanajua ninachosema: si tamu wala si chungu, inakaa nyuma ya pua kama pilipili manga iliyosagwa jana. Nilisimama pale nikasahau mguu wa kiti. Kijana mmoja akaniuliza, "Shikamoo mama, unaumwa?" Nikamjibu marahaba, siumwi, namkumbuka baba yangu. Akanivutia kigoda, mtoto wa watu, nami nikakaa nikamkumbuka vizuri.

Baba yangu alikuwa Mmakonde wa Newala, aliyekuja Dar es Salaam na patasi zake ndani ya kikapu, akaoa Mzaramo na kupanga vyumba viwili Temeke, kwenye nyumba yenye uani mpana wa mchanga. Hakuwa na kidole kisicho na kovu. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, na kwa miaka kadhaa wa pekee, kwa hiyo nilikuwa na kile kiburi cha mtoto wa pekee. Baba alikuwa wangu, watu wengine walikuwa wakimwazima tu.

Mwaka nilipokuwa darasa la tatu nilipelekwa likizo Kisarawe kwa bibi mzaa mama, nikala mihogo mpaka nikanenepa mashavu. Niliporudi, baba hayupo. Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Baba yako kaenda Ulaya," kwa sauti ileile ambayo angesema kaenda sokoni. Baadaye ndipo akanieleza kwamba ofisi moja ya serikali ilitafuta wachongaji watatu wakaonyeshe kazi ya mpingo kwenye maonyesho huko Italia, katika mji unaoitwa Firenze. Wenzake wawili walikuwa watu wa Mtwara, na safari ilipokwisha walirudi hukohuko kwao. Kwa hiyo mtaani kwetu hakukuwa na mtu mwingine aliyeuona mji ule isipokuwa baba.

Nyie wa rika langu mnakumbuka siku zile zilivyokuwa. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na ukiona foleni unaingia kwanza halafu ndipo unauliza wanagawa nini. Mtu akienda Ulaya katika hali ile, mtaa mzima unakuwa umesafiri naye. Mmoja anataka betri, mwingine kitambaa cha suruali, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwatangazia wenzangu kwamba naletewa viatu vyekundu vyenye kishikizo. Baba akarudi na sabuni tatu za kunukia, kitambaa cha kichwa cha mama, na mkunjo wa picha za mji. Basi. Picha zilikuwa kumi na mbili zimeungana kwa gundi. Ukizikunja zinakuwa kijitabu, ukiziachia zinamwagika mpaka magotini. Sabuni mama alizifungia sandukuni katikati ya nguo, na kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kuziogea.

Kwetu mtu akirudi safari watu huja kumpa pole, naye ni lazima asimulie. Baba hakuwa msemaji. Alianza kusimulia akiwa amekaa, akakwama, akainuka, akasema, "Ah, haielezeki hii kwa kukaa. Hebu simameni niwatembeze."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili alasiri, baada ya chakula, baba alituzungusha Firenze mle uani. Kinu cha mama kilikuwa mnara wa kengele. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa mto, na baba alisema una rangi ileile ya Msimbazi mvua zikinyesha. Kwenye ubao wa kufulia tulipanga mstari tukavuka daraja, mmoja mmoja, kwa sababu juu ya daraja lile kuna maduka ya masonara kulia na kushoto na njia ni nyembamba. Pipa la maji lilikuwa kanisa kubwa lenye paa la mviringo la vigae vyekundu, na kuta zake za mawe meupe, ya kijani na ya waridi, yamepangwa mistari mistari.

"Kama kanga," alisema mama.

"Kama kanga hasa. Mtu unatamani ulichane ukajifunge."

Bi Zuhura, jirani yetu na balozi wetu wa nyumba kumi, mama mtu mzima asiyekosa sala hata moja, aliuliza kwa wasiwasi, "Na sie Waislamu tunaingia humo?"

"Mnaingia, Bi Zuhura. Mnatazama tu, halafu mnatoka."

Tukaingia. Baba akasema ndani ya lile paa, kwa juu kabisa, wamechora watu chungu nzima, malaika upande mmoja na mashetani upande mwingine wakiwachoma watu kwa mikuki, na kwamba alitazama juu mpaka shingo ikamuuma siku mbili. Wote tukainua nyuso. Watu kumi na watano uani Temeke, midomo wazi, wanatazama mawingu. Mpita njia mmoja akasimama kwenye uwazi wa ua wa makuti, naye akatazama juu, akatazama tena, akauliza, "Ndege?" Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa ndani ya kanisa.

Lakini pale baba alipowaka hasa ni kwenye sanamu za mawe. Mji ule, alisema, sanamu zake ni nyingi kuliko mafundi wote wa Newala, na kila alipoifikia moja alituzungusha kwanza nyuma. "Kwa mbele kila fundi ni hodari," alisema. "Nyuma ndiko utamjua." Nyingi, nyuma hazikumalizwa, kwa sababu zilichongwa ziegemee ukuta, na hapo baba aliziona alama za patasi zilezile anazoziacha yeye. Alituambia aliigusa moja, mlinzi akaja mbio akifoka. Baba hana lugha ya kumjibu, basi akamfungulia viganja vyake. Yule mlinzi akavitazama viganja, akavitazama, kisha akageuza uso upande wa pili kama mtu anayetafuta kitu barabarani, na baba akaendelea kugusa.

Mimi niliamini kila neno, na zaidi ya hapo. Niliamini kwamba Firenze una ukubwa wa uani kwetu, kwamba kutoka kanisani hadi mtoni ni hatua tisa, na niliwaonea huruma watu wa huko jinsi wanavyobanana. Kulikuwa na picha moja katika zile kumi na mbili, ya kijana wa jiwe, mrefu kama mnazi, hana nguo hata ya kusingizia. Mama alikuwa amembandikia kipande cha karatasi kwa uji wa sembe. Baba alisema ni yule mchunga kondoo wa kwenye Biblia. Bi Zuhura akashusha pumzi, akasema, "Masikini. Kumbe na huko vitambaa vimeadimika."

Sasa nimlete mtu aliyeharibu. Bwana Ngonyani alikuwa fundi baiskeli, Mngoni wa Songea, aliyehamia mtaani kwetu mwaka uleule. Mimi nilimchukia kama kwinini. Alikuwa anaingia kwetu bila hodi, anakaa kwenye kiti cha baba, anachukua nyama kutoka sahani ya baba na kusema, "Mtumwa hali nyama, atapata kiburi." Baba naye humwita mwizi mtoto wa wezi. Halafu mama anamwongezea mchuzi! Sikuelewa nyumba gani hii inayomlisha mtu wa namna hiyo.

Jumapili moja tupo katikati ya daraja, Bwana Ngonyani akatokea ameshika vibanio vya baiskeli, akasimama mbele ya watu wote akacheka kwa dharau.

"Nyie watu mnadanganywa mchana kweupe," alisema. "Huyu Mmakonde hajafika Ulaya wala kwenye kivuli cha Ulaya. Mie nilimwona kwa macho yangu haya mawili, Mbagala, kwa mama mmoja anayeuza pombe ya mnazi. Wiki tatu yuko hukohuko. Hizo picha kaokota."

Watu wakaangua kicheko. Bi Zuhura alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Mama alicheka. Na baba, ambaye nilimtazama nikingoja amtoe mtu huyu nje kwa kumshika ukosi, baba naye alicheka, akatikisa kichwa, akasema tu, "Mngoni huyu!" Hakusema si kweli. Hata mara moja hakusema si kweli.

Kila Jumapili baada ya hapo Bwana Ngonyani aliongeza chumvi. Yule mama wa Mbagala akapata jina, akapata banda la makuti, akapata na mbwa. Watu wakacheka zaidi, na mimi nikazidi kunyong'onyea. Shuleni walikuwa wametufundisha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Nikaanza kupeleleza. Viatu vyekundu viko wapi? Mtu anayetoka Ulaya anarudi na sabuni tatu? Mimi mwenyewe sikumwona akiondoka, nilikuwa Kisarawe. Nikachukua ule mkunjo wa picha, nikaingia uvunguni na kipande cha kioo cha miwani ya Bi Zuhura iliyovunjika, nikamtafuta baba. Kulikuwa na vijitu vidogo vidogo kwenye uwanja wa kanisa, vingine vimekaa kwenye ngazi, kimoja kinalisha njiwa. Nilivikagua vyote, picha kumi na mbili, siku tatu mfululizo. Baba hakuwamo hata kwenye moja.

Nililia kule uvunguni, nakumbuka vizuri. Sikulia kwa hasira. Nilimhurumia. Nilifikiri, baba yangu masikini anatamani kwenda Ulaya kiasi hiki.

Wakati huohuo sifa za ziara zetu zilikuwa zimefika shuleni. Mwalimu wangu wa jiografia, Mwalimu Tekla, dada mwembamba mwenye sauti ya upole, akanipa barua nimpelekee baba. Shule inamwomba aje Ijumaa awaeleze wanafunzi na walimu wote habari za mji alioutembelea. Baba aliisoma ile barua mara tatu. Akainyoosha kwa kiganja, akaiweka ndani ya Biblia. Yeye alisoma mpaka darasa la pili tu, na hakuna shule iliyowahi kumwita kwa jambo la heri. Jioni ile nilimsikia akimwuliza mama kwa siri kama "mabibi na mabwana" inatangulia au "ndugu mwalimu mkuu" ndiyo inayotangulia.

Ndipo nikaingiwa na hofu. Uani ni uani, watu wanacheka, yanaisha. Lakini shule nzima? Na Bwana Ngonyani naye akija kupiga kelele zake za Mbagala mbele ya mwalimu mkuu? Niliona kwa akili yangu yote ya miaka tisa kwamba baba yangu anakwenda kuaibika, na ni mimi peke yangu ninayeweza kumwokoa.

Alhamisi wakati wa mapumziko nilimfuata Mwalimu Tekla kwenye baraza ya ofisi. "Mwalimu," nikasema, "baba asije kesho."

"Anaumwa?"

"Hapana. Hakwenda Ulaya. Alikuwa Mbagala."

Mwalimu Tekla aliniinamia. "Nani kasema?"

"Watu wote wanajua, mwalimu. Na yeye mwenyewe hakatai. Lakini usimwambie mtu. Mwambie tu asije."

Nilirudi darasani nimepata amani. Niliona nimefanya jambo la kishujaa.

Sikujua kwamba mwalimu hana njia ya kumwambia mtu "tu asije". Ijumaa asubuhi, tukiwa tunasoma kwa sauti, nilimwona baba dirishani anaingia getini. Alikuwa amevaa koti zito la sufu, la baridi, kwenye jua lile la Temeke, tai shingoni, patasi zake na kijigogo cha mpingo ndani ya kitambaa cheupe, mkunjo wa picha kwapani. Mwalimu mkuu alitoka akampokea nje, hakumkaribisha ofisini. Walizungumza kwa muda mfupi. Sikuweza kusikia kitu. Nilimwona baba anainua mkono wenye picha kama anayetaka kuonyesha, kisha anaushusha. Halafu akageuza kichwa, akalitazama darasa letu, dirisha kwa dirisha, mpaka akafika kwangu. Nilijificha nyuma ya mwenzangu. Nilipoinuka tena, alikuwa anatoka getini polepole, na mgongo wa lile koti ulikuwa umelowa jasho.

Nyumbani nilingoja kuchapwa. Hakunichapa, wala hakunigombeza. Alikula, akaninawisha mikono kama kawaida yake, akaenda zake kuchonga. Nilitamani sana anichape.

Jumapili ilipofika watu walikuja kama kawaida. Bi Zuhura amejitanda kanga mpya ya kuvukia daraja. Baba alikuwa amekaa kizingitini anapiga msasa.

"Leo hakuna kutembea," alisema. "Mji umefungwa."

Watu walidhani ni maskhara, wakangoja, wakaona si maskhara, wakaondoka mmoja mmoja. Bwana Ngonyani akafika wakati huo na vibanio vyake. "Ohoo! Mama wa Mbagala kakufukuza?" Baba hakucheka wala hakumwita mwizi. Aliinuka, akampisha kiti, akaingia ndani.

Sijawahi kuona mtu mzima akishtuka vile. Bwana Ngonyani alikitazama kile kiti kama kimewekwa nyoka. Akamfuata mama jikoni, na mimi nikiwa palepale namenya vitunguu, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kuna msiba?"

Mama hakujua kitu, baba hakuwa amemwambia. Ilibidi niseme mimi. Yalinitoka yote kwa pamoja, na kamasi juu yake: mwalimu, barua, koti, dirisha, Mbagala. "Wewe ndiye uliyesema!" nilimpigia kelele Bwana Ngonyani. "Ulisema ulimwona kwa macho yako mawili!"

Bwana Ngonyani akaketi chini, kwenye majivu, na suruali yake safi.

"Mwanangu," alisema, "mie ni mtani wake."

Nikamkodolea macho. Hapo mama akashika kichwa, akasema, "Yallah, huyu mtoto hatujamwambia." Kwa kweli hakuna aliyewahi kuniambia. Jambo ambalo kila mtu mzima analijua, watu husahau kwamba mtoto hakuzaliwa nalo. Mama akanieleza palepale, mwiko mkononi. Mababu wa Wangoni na mababu wa Wamakonde walipigana zamani sana, walipochoka wakapatana, na mapatano yao ndiyo haya: wajukuu watatukanana mpaka kiama na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mtani akikuita mwizi, mchekee. Akikula nyama yako, mwongezee. Siku ukifa ndiye atakayelala kaburini mwako akatae kutoka mpaka apewe haki yake, na ndiye atakayekuzika. "Mtani wako akisema umekufa," alimalizia mama, "huendi kununua sanda."

"Na lile koti," alisema Bwana Ngonyani, "la nani unadhani? La kwangu, la baridi ya Songea. Mie ndiye niliyempakia baba yako kwenye baiskeli alfajiri mpaka uwanja wa ndege, sanduku mapajani. Nikamwambia, we Mmakonde ukifia huko, koti langu lirudi." Akapangusa majivu kwenye suruali. "Nilisimama kwenye seng'enge mpaka ndege ikapotea. Nililia, mwanangu. Usimwambie."

Jumatatu, kabla ya kengele, Bwana Ngonyani alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Mimi alinishika mkono, nilikuwapo. "Ndugu mwalimu, mie ndiye mwongo," alianza. Kosa lake ni kwamba alikuwa na sura ya utani hata akiwa na huzuni. Mwalimu mkuu akamwuliza, "Kwa hiyo ulisema uongo kwamba hakwenda?" "Ndiyo." "Na sasa unasema kweli kwamba alikwenda?" "Ndiyo." "Nitajuaje kwamba huu nao si uongo kama ule wa kwanza?"

Bwana Ngonyani akarudi mtaani mbio, akaja na Bi Zuhura amempakia nyuma ya baiskeli, mama wa watu ameshika kanga kwa meno. Bi Zuhura hakukaa alipokaribishwa. "Mwalimu," alisema, "mimi ni balozi. Mtu hapati karatasi ya kutoka nje ya nchi hii bila barua ya balozi wake. Barua ya huyu bwana niliiandika mimi, na muhuri nikaupiga mimi. Ukisema hakwenda, umesema mimi ndiye niliyedanganya serikali." Mwalimu mkuu alisimama wima. Mwalimu Tekla, aliyekuwa pembeni, alitazama chini. Wakaandika barua ya pili siku ileile, yenye neno "samahani".

Baba aliisoma mara moja, akaiweka chini. "Nitakwenda kusema nini?" alimwambia mama. "Mtoto wangu mwenyewe haniamini, wataniamini wa watu?"

Nilimfuata kule alikokuwa anachongea, nyuma ya nyumba. Nikakaa kwenye vumbi la mpingo, nikakaa muda mrefu, na yeye anagonga tu. Mwisho nikasema, "Baba, nisamehe."

Aliacha kugonga. "Uliniona mwongo, mama?"

"Nilikutafuta kwenye picha. Zote. Hukuwamo."

Baba akanitazama. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, kicheko kikampanda mpaka akaweka patasi chini. "Mie ndiye niliyekuwa natazama," alisema. "Anayetazama utamwona wapi?" Akanivuta akanifuta uso kwa kiganja kile chenye magaga, akanipaka vumbi jeusi shavu zima.

Ijumaa iliyofuata alikwenda, bila koti safari hii. Alianza na "ndugu mwalimu mkuu, mabibi na mabwana", akakwama palepale. Wanafunzi mia na zaidi wanamtazama. Nilifumba macho. Nikasikia, "Ah, haielezeki hii kwa kukaa. Simameni niwatembeze."

Mlingoti wa bendera ukawa mnara wa kengele. Mfereji wa bombani ukawa mto, tukauvuka mmoja mmoja, masonara kulia na kushoto, na mwalimu mkuu akavuka kwa kushika suruali isilowe. Nyuma kabisa Bwana Ngonyani alisukuma baiskeli yake na kupayuka, "Uongo huo! Mbagala hakuna mto kama huo!" Wanafunzi wakacheka, na baba akamjibu bila kugeuka, "Nyamazeni, mwizi anasema," wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa mwishoni, nyuma hata ya watoto wa darasa la kwanza. Kila mtu shuleni alikuwa amekwisha kujua nilichofanya.

Tulifika penye njia ya kuingilia ofisini, iliyopangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Baba akasimama baina ya mawe mawili, akanyoosha mkono kutuzuia.

"Hapa ndipo mlango wa kanisa kubwa," alisema. "Ni mzito, mtu mmoja hauwezi." Akatafuta juu ya vichwa vya watoto mpaka akaniona. "Rozi. Njoo unisaidie."

Wakanipisha. Ilikuwa safari ndefu, mbele ya macho yote yale. Nikasimama ubavuni kwake, nikaweka viganja viwili hewani mahali alipoweka vyake, nikasukuma. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, mpaka miguu ikateleza kwenye mchanga, mpaka baba akasema, "Taratibu, umefunguka."

Kisha akawageukia wengine, akaweka kidole mdomoni. "Ingieni polepole. Humu ndani watu wanasali."

Shule nzima ikanyamaza. Walipita mbele yetu kwa kunyata, wawili wawili, na wa mwisho alikuwa Bwana Ngonyani. Aliegemeza baiskeli yake nje, kwenye jiwe, akavua kofia, akaingia.